Ukasuku si Elimu: Kiingereza Kifunzwe kwa Koo za Maneno

Upo ugonjwa mmoja katika shule za sekondari za nchi hii ambao umeachwa uzoeleke mpaka sasa unaitwa afya. Mwanafunzi hupewa orodha ya maneno magumu ya Kiingereza, ishirini au thelathini kwa juma. Mbele ya kila neno imeandikwa maana yake, nayo maana hiyo imenakiliwa kutoka katika kamusi kwa Kiingereza kilicho kigumu kuliko neno lenyewe. Mwanafunzi hukesha akiimba orodha hiyo. Ijumaa hufanya jaribio na kupata alama zote. Jumatatu hakumbuki hata neno moja, na akikutana na neno lilelile katika kitabu cha Historia au cha Biolojia, hulitazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyewahi kumwona. Hapo mwalimu huandika katika taarifa yake kwamba mwanafunzi huyu ni mvivu.

Mwanafunzi huyo si mvivu hata kidogo. Amefanya kazi usiku kucha, ila kazi aliyopewa ni ya kuteka maji kwa pakacha.

Jambo hili lingekuwa dogo lau Kiingereza kingekuwa somo moja miongoni mwa masomo mengine. Lakini sivyo. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili akiingia Kidato cha Kwanza hukuta Hisabati, Fizikia, Jiografia na Historia zote zimevaa vazi la Kiingereza. Kwa hiyo asiye na msamiati hafeli Kiingereza peke yake. Hufeli hata yale ambayo akili yake ingeyamudu vizuri kabisa. Mtoto wa mwenye nacho ananunuliwa vitabu, analipiwa shule ya gharama kubwa, tena anatafutiwa mwalimu wa jioni. Mtoto wa mkulima wa Kasulu au Namtumbo husikia Kiingereza darasani tu, na akitoka nje ya mlango wa darasa kimekwisha. Huyu ndiye anayebebeshwa orodha ya maneno na kuambiwa akariri. Basi swali la namna ya kufundisha maneno si swali la walimu wa lugha peke yao. Ni swali la haki na usawa, na kila anayeitakia nchi hii mema hana budi kulitolea kauli.

Ni nani wanaoulea ugonjwa huu? Wako makundi mawili, na yote mawili yamelewa kasumba ileile ya kikoloni.

Kundi la kwanza ni la wale wanaoamini kwamba neno gumu ni alama ya usomi. Mtu wa kundi hili akisimama mkutanoni hutafuta maneno mazito ya Kiingereza ayapachike katika kila sentensi, si kwa sababu yanaeleza jambo, bali kwa sababu yanalificha. Mwananchi akimfuata ofisini na swali la kawaida, hujibiwa kwa maneno yasiyoeleweka ili arudi nyumbani akijiona mjinga. Watu hawa ndio waliowafundisha vijana kwamba kujua Kiingereza ni kujua maneno ambayo jirani hayajui. Hivyo utamkuta kijana amekariri "perspicacious" na "ubiquitous", ilhali hajui kutumia "although" wala "therefore".

Kundi la pili ni la wale wanaoiona lugha ya Kiswahili kuwa uchafu unaopaswa kufagiliwa nje kabla somo la Kiingereza halijaanza. Zimekuwapo shule ambamo mtoto alivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili. Mwalimu wa kundi hili huona ni aibu kumwambia mwanafunzi, kwa neno moja tu la Kiswahili, maana ya kitu ambacho amekuwa akihangaika kukieleza kwa Kiingereza kwa nusu saa bila mafanikio.

Historia ya Kiingereza chenyewe inawaumbua watu wa makundi yote mawili. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, watawala wa nchi hiyo walizungumza Kifaransa, huku kanisa na wasomi wakitumia Kilatini. Kwa karne nyingi maneno ya lugha hizo yakamiminika katika Kiingereza, na baadaye yakafuatwa na ya Kigiriki. Kwa hiyo maneno mengi ambayo kasumba inayaita "Kiingereza cha juu" si mali ya asili ya Waingereza. Waliyakopa, na yakawashinda. Mwaka 1604 mwalimu mmoja aliyeitwa Robert Cawdrey alichapisha mjini London kamusi ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza kueleza Kiingereza kwa Kiingereza. Ilikuwa na maneno yapatayo 2,500, na shabaha yake ilikuwa kuwafafanulia Waingereza maneno magumu yaliyotoka katika Kiebrania, Kigiriki, Kilatini na Kifaransa. Aliyafafanua kwa njia gani? Kwa maneno ya kawaida ya lugha yao wenyewe. Tena katika dibaji yake aliwakaripia watu wanaohangaikia maneno ya kigeni hata wakaisahau lugha ya mama zao.

Maana yake ni kwamba ugonjwa huu Waingereza walikuwa nao zaidi ya miaka 400 iliyopita, na dawa yake waliitafuta katika lugha wanayoielewa. Mtanzania anayemkataza mtoto wa Kitanzania asipewe dawa hiyohiyo anataka kuwa Mwingereza kuliko Mwingereza.

Dawa hiyo ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ukoo wa neno.

Hakuna Mtanzania anayehitaji kwenda ng'ambo ili aelezwe ukoo wa maneno ni nini, maana Kiswahili kimejengwa juu yake. Katika kitenzi "nyonya" hupatikana nyonywa, nyonyesha, mnyonyaji, unyonyaji na kinyonyaji. Mkulima aliyelisikia neno "unyonyaji" likielezwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 hakuhitaji kamusi. Alikuwa amekwisha kumwona ndama na mama yake, akajua mara moja ni nani anayenyonya na ni nani anayenyonywa. Mzizi wa neno ulimfundisha siasa kabla ya mhutubu hajamaliza kusema.

Kiingereza nacho kina koo zake. "Exploit" ni kunyonya. "Exploiter" ni mnyonyaji. "Exploitation" ni unyonyaji. Kiambishi "-er" mwishoni mwa neno kinafanya kazi ambayo Kiswahili huifanya kwa "m-" mwanzoni na "-ji" mwishoni. Kiambishi "-ation" kinafanya kazi ya "u-". Kiambishi "-able" aghalabu hukaribiana na "-ika" ya Kiswahili: "readable" ni kinachosomeka. "Un-" na "in-" hukanusha, na "re-" hurudia. Mwanafunzi aliyeonyeshwa jambo hili mara moja hupata ufunguo wa nyumba nyingi. Akijifunza "produce" kuwa ni kuzalisha, hatahitaji orodha nyingine ili ajue "producer", "production", "productive" na "productivity". Amejifunza neno moja na kupata matano. Mwenzake aliyepewa maneno hayohayo yametawanywa katika orodha tano za majuma matano atayakariri kama watu watano wasiojuana, naye atayasahau mmojammoja.

Hebu litazamwe neno "depend". Linatoka katika Kilatini, na maana yake ya asili ni kuning'inia. Mzizi wake umo katika "suspend", yaani kuning'iniza au kusimamisha. Umo katika "pendulum", kile kining'inio cha saa ya ukutani. Umo pia katika "appendix", kiambatisho kinachoning'inia mwishoni mwa kitabu. Basi "independent" ni nani? Ni yule asiyening'inia kwa mwingine. Kiswahili kinao ukoo wa kusimama mkabala na huo: tegemea, tegemezi, utegemezi, kujitegemea. Mwanafunzi aliyeelezwa hivyo hatalisahau neno hilo maisha yake yote. Zaidi ya hayo, ataelewa vizuri zaidi kwa nini Mwalimu Nyerere, alipotoa maelekezo yake juu ya elimu mwaka 1967, aliyaita Elimu ya Kujitegemea. Somo moja la msamiati litakuwa limemfundisha lugha mbili na jambo moja kubwa la nchi yake.

Hata hivyo, ukoo usifanywe uchawi. Katika kila ukoo wamo watoto wasiofanana na wazazi. "Infamous" si mtu asiye maarufu. Ni mtu anayejulikana kwa ubaya wake. "Invaluable" si kitu kisicho na thamani. Ni kitu ambacho thamani yake haikadiriki. Kiswahili nacho kinayo mambo hayo: msomaji na msomi ni wa ukoo mmoja, lakini wako wasomaji wengi wasio wasomi, na kwa bahati mbaya wako wasomi ambao si wasomaji. Kwa hiyo kila mtoto wa ukoo lazima aonekane akiwa kazini, ndani ya sentensi. Ukoo humwelekeza mwanafunzi mlangoni. Sentensi ndiyo humwingiza ndani.

Wasiopenda hoja watauliza kama koo hizo hazitakuwa nyingi mno. Jibu lipo katika takwimu. Mwaka 1953 Mwingereza Michael West, aliyewahi kufundisha huko Bengali, alichapisha orodha ya maneno ya msingi ya Kiingereza yapatayo 2,000. Mwaka 2000 mtaalamu Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya pili, ya koo 570 zinazotumika sana katika maandishi ya kitaaluma ya fani zote, iwe sheria, biashara au sayansi. Alipopima maandishi ya vyuo yenye maneno yapatayo milioni 3.5, aliona kwamba orodha ya West inabeba kiasi cha asilimia 76 ya maneno yote yaliyotumika, na zile koo 570 zinaongeza asilimia 10. Maana yake ni kwamba katika kila maneno 100 ya kitabu cha kitaaluma, 86 yanatoka katika orodha hizo mbili.

Koo 570 ni ngapi? Darasa likijifunza koo tatu kila siku ya masomo, litazimaliza kwa siku 190, yaani takriban mwaka mmoja wa shule. Ni kweli kwamba kabla yake lazima yawepo yale maneno 2,000 ya kawaida, na hapo ndipo kazi ya Kidato cha Kwanza ilipo. Ni kweli pia kwamba anayetaka kusoma riwaya na magazeti ya Kiingereza bila msaada wowote anahitaji koo 8,000 hadi 9,000, kama Paul Nation alivyoonyesha mwaka 2006. Hiyo ni safari ya miaka mingi, nayo hufanywa kwa kusoma vitabu vingi. Lakini mwenye safari ndefu haanzi kwa kuruka. Huanza kwa hatua zilizo karibu na miguu yake. Orodha za "ubiquitous" ni kuruka.

Sehemu ya pili ya dawa ni maana yenyewe. Maana ina sharti moja tu: lazima iwe nyepesi kuliko neno linaloelezwa. Maana iliyo ngumu kuliko neno ni deni linalolipwa kwa kukopa deni kubwa zaidi. Wachapishaji wa Kiingereza wanalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1935 huyohuyo West, pamoja na James Endicott, alitoa kamusi ya wanafunzi iliyoeleza maneno na misemo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Mwaka 1978 kampuni ya Longman ilitoa kamusi iliyojifunga kueleza kila neno kwa maneno ya kawaida yapatayo 2,000. Ikiwa wenye lugha yao wameona ni lazima kumhurumia mgeni kiasi hicho, kwa nini mwalimu wa Kitanzania asimhurumie mwanawe?

Tena huyu anayo njia fupi zaidi. Mwanafunzi wa Biolojia hukariri fasili ya "photosynthesis" katika mistari minne ya Kiingereza, akaitapika siku ya mtihani. Kiswahili kinaliita jambo hilo usanisinuru. Aelezwe kwamba kusanisi ni kuunda kitu kwa kuunganisha vitu, na nuru ni mwanga. Neno limejieleza. Kisha aonyeshwe kwamba "photo" ni mwanga na "synthesis" ni uunganishaji, naye atalitambua "photograph" kuwa ni picha iliyoandikwa kwa mwanga. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Kazi imefanywa na wataalamu wa nchi hii. Kinachokosekana ni darasa linaloitumia.

Wapinzani wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba kumweleza mwanafunzi kwa Kiswahili ni kumdekeza; inafaa azamishwe katika Kiingereza ili ajifunze kuogelea. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama maji yangekuwapo. Mtoto anayehamia London amezungukwa na Kiingereza sokoni, mtaani na uwanjani, kwa hiyo hata asipofundishwa ataokota. Mtoto wa Kasulu ana saa chache za darasani, tena pamoja na wenzake wengi na kitabu kimoja. Kumrusha mtu katika kisima kikavu si kumfundisha kuogelea. Ni kumvunja shingo.

Hoja ya pili huegemezwa juu ya jina la Mwalimu Nyerere, ambaye alipata kukiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Naam, Mwalimu hakuwa adui wa Kiingereza, wala hapaswi kuwa adui wa lugha hiyo mtu yeyote mwenye akili timamu. Lakini mwacheni Mwalimu afundishe kwa vitendo vyake pia. Alisoma Edinburgh, akakimudu Kiingereza kuliko wengi wanaojivunia lugha hiyo leo. Naye alikipima Kiingereza hicho kwa mizani ya Kiswahili. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Neno "merchant" lililo katika jina la mchezo huo mtu mwingine angelitafsiri "mfanyabiashara" akaendelea na safari. Mwalimu aliandika "mabepari", kwa wingi. Alikuwa ameuliza neno hilo linafanya kazi gani katika mchezo ule, akajibu kwa lugha ya wananchi wake. Huko ndiko kujua msamiati: si kulitamka neno, bali kulihoji mpaka likiri.

Mjadala wa lugha ya kufundishia una umri mrefu. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Mjadala huo uendelee mahali pake. Lakini mtoto aliyeketi darasani leo hawezi kungoja uishe. Miaka yake minne itapita, na mtihani hautamwuliza kama wakubwa wamekwisha kukubaliana.

Kwa hiyo mambo matatu yatekelezwe bila kusubiri. Kwanza, orodha za kukariri zisizo na mpango zikomeshwe, na kila neno jipya lifundishwe pamoja na ukoo wake. Pili, maana itolewe kwanza kwa Kiswahili fasaha, kisha kwa Kiingereza chepesi, kisha mwanafunzi atunge sentensi yake mwenyewe ya Kiingereza juu ya maisha anayoyajua: shamba, ziwa, soko, mgodi. Akiishia kwenye Kiswahili peke yake, atakuwa amebadilisha kasuku tu. Tatu, Wizara, Taasisi ya Elimu na Baraza la Kiswahili zikae pamoja na kutoa kijitabu cha zile koo 570, chenye maana za Kiswahili na mifano ya hapa nchini. Koo tano katika kila ukurasa ni kurasa 114. Si kazi ya mamilioni ya fedha za kigeni, wala haihitaji mtaalamu wa kuazima.

Walimu wasichukuliwe kuwa maadui katika jambo hili. Wengi wao walifundishwa kwa orodha zilezile, wakaziamini kwa kuwa hawakuonyeshwa njia nyingine. Wapewe kijitabu na mafunzo, na wengi wao watakuwa wa kwanza kuzitupa orodha.

Taifa hili lilipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, lilimfundisha mkulima kusoma kwa kuanzia na maneno ya kazi yake, maneno yaliyokwisha kuwa na maana kichwani mwake. Bibi wa miaka sitini hakupewa orodha akariri. Alipewa neno analolijua, akaonyeshwa sura yake ubaoni, akalishika. Mjukuu wa bibi huyo yuko sekondari leo, na anastahili heshima ileile aliyopewa bibi yake. Neno lisiloeleweka ni mzigo kichwani mwa mtoto wa maskini. Neno linaloeleweka ni jembe mkononi mwake. Apewe jembe.